Kuolewa Ng'ambo ya Lhubiriha: Ndoa za Mpakani, Uraia na Lugha ya Fomu katika Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala hii inajadili hali ya wenzi wa ndoa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanaohamia kwa kudumu nyumbani kwa wenzi wao katika wilaya ya Kasese, hususani mji wa mpakani wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba ukaribu wa lugha na nasaba kati ya Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo huficha tofauti ya kisheria, ambayo hujitokeza baadaye wakati wa kifo, mgogoro wa ardhi au uandikishaji wa vitambulisho. Makala inachambua vifungu vya uraia katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kisha inachunguza maneno matatu ya Kiswahili: kuolewa, bibi na mgeni. Inahitimishwa kwamba wakati huu ambapo Kiswahili kinaingizwa katika ofisi za Uganda, uteuzi wa maneno ya fomu ni suala la haki, na unapaswa kufanywa kwa kuzingatia Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka.

Istilahi muhimu: ndoa za mpakani, uraia wa kuandikishwa, Kikonzo, Kinande, Kiswahili cha Kongo

1.0 Utangulizi

Mji wa Bwera uko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka mji wa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mbele yake kuna kituo cha mpaka cha Mpondwe, kisha mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kasindi, nchini Kongo. Kutoka Kasindi barabara inaelekea Beni na Butembo. Siku za gulio, wachuuzi huvuka mto huo pande zote mbili wakiwa na samaki, maharage, kahawa, vitenge na bidhaa za viwandani. Pamoja na bidhaa hizo huvuka pia posa, mahari na maharusi.

Ndoa hizi si jambo jipya wala la ajabu kwa wenyeji. Mwanamke aliyezaliwa Kasindi anapoolewa Bwera, mara nyingi hahisi kuwa amehamia nchi ya kigeni. Anaelewana na mama mkwe wake tangu siku ya kwanza, analima zao alilozoea kulima, na anaabudu kwa nyimbo alizozijua tangu utotoni. Kwa kipimo cha maisha ya kila siku, amehama kijiji tu. Kwa kipimo cha sheria, amehama dola.

Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiini cha makala hii. Sehemu ya pili inaeleza historia fupi ya mpaka. Sehemu ya tatu inafafanua sheria. Sehemu ya nne inachambua maneno yanayoweza kumpotosha mwombaji wa uraia, na sehemu ya tano inaonesha athari zake kwa mfano wa kubuni. Mapendekezo yanafuata.

2.0 Mpaka na Watu Wake

Mstari unaotenganisha Uganda na Kongo katika eneo hili ulitokana na makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910, ambapo madola ya Ulaya yaligawana eneo la Rwenzori. Mpaka ulipita juu ya vilele vya mlima na kushuka kufuata mto hadi nyanda za ziwa Edward. Waliopanga mpaka huo walifuata miinuko na mikondo ya maji. Hawakufuata mipaka ya lugha wala ya koo.

Matokeo yake ni kwamba jamii moja ilipata majina mawili. Upande wa Uganda watu wake huitwa Wakonzo na lugha yao Kikonzo, au Lhukonzo kwa matamshi yao wenyewe. Upande wa Kongo huitwa Wanande na lugha yao Kinande. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu, Kikonzo kina namba JD41 na Kinande JD42. Wasemaji wa lugha hizi huelewana bila mkalimani. Jina Wayira hutumiwa pande zote mbili kuwataja kwa pamoja, na zipo koo, kama vile Abaswagha, zinazopatikana Uganda na Kongo.

Desturi ya kuoa nje ya ukoo huchangia ndoa za kuvuka mto. Kijana anayetafuta mchumba hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba msichana si wa ukoo wake. Suala la nchi anayotoka huja baadaye sana, au haliji kabisa. Mahari, ambayo kwa desturi hutajwa kwa mbuzi, hupokelewa na kuhesabiwa kwa utaratibu unaofahamika kwa familia zote mbili. Bibi harusi huhamia kwa mumewe. Hivyo, hatua zote ambazo jamii huziona kuwa muhimu hukamilika bila afisa yeyote wa serikali kuhusika.

Hata hivyo, dola haikuwa mbali. Vuguvugu la Rwenzururu lililojitangazia mamlaka yake mwaka 1962, mgogoro wake na serikali kwa miaka mingi, na kutambuliwa kwa ufalme wa Rwenzururu na serikali ya Uganda mwaka 2009, vyote vilifanya suala la nani ni mwenyeji wa milima hii kuwa la kisiasa. Katika miaka ya karibuni mpaka umezidi kuangaliwa kwa jicho la tahadhari. Mwezi Juni 2019, familia iliyovuka kutoka Kongo ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa nchini Uganda wakati wa mlipuko uliokuwa ukiendelea Kongo, na walihudumiwa katika hospitali ya Bwera. Mwezi Juni 2023, wapiganaji wa kundi la ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Katika mazingira kama hayo, swali "wewe ni raia wa wapi?" haliulizwi tena kwa mzaha, na asiye na karatasi ya kulijibu hubaki katika wasiwasi.

3.0 Sheria Inavyosema

3.1 Milango miwili ya uraia wa Uganda

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatoa njia zaidi ya moja za kuwa raia. Mbili kati ya hizo zinahusu moja kwa moja wenzi wa ndoa wa Kasese.

Njia ya kwanza ni uraia wa kuzaliwa, katika Ibara ya 10. Ibara hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inamhusu mtu aliyezaliwa ndani ya Uganda, ambaye mzazi wake mmoja au mmoja wa babu na nyanya zake ni au alikuwa wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Katiba, na Wakonzo wamo. Sehemu ya pili inamhusu mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye wakati wa kuzaliwa kwake mzazi wake mmoja au mmoja wa babu na nyanya zake alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa.

Njia ya pili ni uraia wa kuandikishwa, katika Ibara ya 12. Ibara hii inampa haki ya kuomba kila mtu mwenye ndoa na raia wa Uganda, akithibitisha kwamba ndoa hiyo ni halali na imedumu kwa miaka mitatu au kwa muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Ibara hiyohiyo inaeleza kwamba aliyekwisha kuandikishwa kwa njia ya ndoa hapotezi uraia wake kwa sababu tu ndoa imevunjwa au kubatilishwa, isipokuwa aukane mwenyewe.

Mambo mawili yanastahili kusisitizwa. Kwanza, ndoa yenyewe haimfanyi mtu kuwa raia. Inampa haki ya kuomba, na asiyeomba hubaki mgeni hata akiishi Bwera miaka 40. Pili, watoto wa ndoa hizi wako katika hali tofauti na mama yao. Baba akiwa raia wa kuzaliwa, watoto ni raia tangu kuzaliwa. Hivyo kaya moja yaweza kuwa na baba na watoto sita walio raia, na mama asiye raia, wote wakilala chini ya paa moja.

3.2 Uthibitisho wa ndoa

Masharti ya "ndoa halali" yanaleta ugumu mkubwa zaidi kwa familia za mpakani. Sheria ya Uganda inatambua ndoa za kimila, na tangu mwaka 1973 imekuwapo sheria inayotaka ndoa hizo ziandikishwe mbele ya msajili. Kutoandikisha hakuifuti ndoa yenyewe, lakini huifanya iwe vigumu kuthibitika. Wazee waliohesabu mbuzi huzeeka na kufariki; karatasi hubaki.

Aidha, kuishi pamoja bila kukamilisha mila wala ibada hakutoshi. Hapa wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kujihadhari. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke. Uganda haina kifungu cha namna hiyo. Anayejifunza sheria kupitia Kiswahili cha Tanzania anaweza kudhani ana haki ambayo katika nchi anamoishi haipo.

3.3 Ardhi

Uraia unagusa shamba moja kwa moja. Chini ya Katiba na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa umiliki huru wala kwa mfumo wa mailo. Anaweza kupata pangisho tu, lisilozidi miaka 99. Marekebisho ya mwaka 2004 yaliimarisha haki ya mwenzi wa ndoa kukaa na kutumia ardhi ya familia. Lakini kinga hiyo inategemea mtu kutambuliwa kuwa mwenzi wa ndoa. Mjane ambaye ndoa yake haikuandikishwa na uraia wake haukuombwa hujikuta akitakiwa kuthibitisha mambo mawili kwa pamoja, mbele ya ndugu wa marehemu ambao huenda wana maslahi katika shamba hilohilo.

3.4 Upande wa pili wa mto

Mwombaji anapaswa kujua pia anachokiacha. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 2009. Kongo haijaruhusu. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine, na sheria ya uraia ya mwaka 2004 inafuata msimamo huo. Kwa hiyo, mwanamke wa Kasindi anayeandikishwa kuwa raia wa Uganda anapoteza uraia wa Kongo, pamoja na haki zinazoambatana nao katika nchi ambako wazazi wake wamezikwa.

Kujiunga kwa Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakujaondoa tatizo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inahusu uhuru wa kusafiri, kufanya kazi, kuanzisha shughuli na kuishi. Haki ya kuvuka mpaka na kukaa si sawa na uraia, na haimpi mtu kitambulisho cha taifa.

4.0 Maneno Matatu

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kwa matumizi yatakayoelekezwa na Bunge. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza kama lugha rasmi na kukifundisha shuleni. Kongo, kwa upande wake, inakitaja Kiswahili katika Katiba miongoni mwa lugha zake nne za taifa. Ni jambo la kutarajiwa kwamba fomu na maelezo ya huduma za uraia yatahitajika kwa Kiswahili, hasa mpakani. Swali ni Kiswahili kipi.

4.1 Kuolewa

Katiba ya Uganda inatumia maneno yasiyobagua jinsia: kila mtu mwenye ndoa na raia. Kiswahili, kwa upande mwingine, kina kitenzi kinachotofautisha. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mfasiri akiandika "mtu aliyeolewa na raia wa Uganda," msomaji yeyote ataelewa kwamba haki hiyo ni ya wanawake pekee. Mwanamume wa Beni aliyemwoa mwanamke wa Bwera na kuhamia kwake atajiona hahusiki.

Hatari hii ina chanzo cha karibu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inatoa njia ya ndoa kwa mwanamke aliyeolewa na raia, na haimpi mume mgeni njia hiyo. Kwa hiyo maneno "mwanamke aliyeolewa na raia" ni sahihi Tanzania, kwa sababu ndivyo sheria ya huko inavyosema. Yakichukuliwa kama yalivyo na kuwekwa katika fomu ya Uganda, yatakuwa yameingiza sheria ya nchi nyingine kupitia mlango wa msamiati. Kauli kama "mwenye ndoa na raia" au "aliyefunga ndoa na raia" inakidhi maana ya Katiba ya Uganda bila kubagua.

4.2 Bibi

Neno la pili ni dogo zaidi kwa sura, lakini athari yake ni kubwa. Katika Kiswahili sanifu, bibi ni mama wa baba au wa mama. Katika Kiswahili kinachozungumzwa mashariki mwa Kongo, bibi ni mke. Mwanamume wa huko anaposema "bibi yangu" hazungumzii mzazi wa mzazi wake.

Ikumbukwe kwamba Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda inajali sana babu na nyanya. Fomu ikiuliza, "Je, babu au bibi yako alikuwa raia wa Uganda?" mwombaji kutoka Kongo anaweza kulielewa swali kwa namna nyingine kabisa. Mwanamume anaweza kujibu kuhusu mkewe. Mwanamke anaweza kudhani swali la bibi halimhusu na kuliruka. Katika jamii ambayo imeoana kuvuka mto kwa vizazi kadhaa, si ajabu kwa mke aliyezaliwa Kongo kuwa na nyanya aliyezaliwa Bwera. Ikiwa nyanya huyo alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa wakati mjukuu alipozaliwa, basi mjukuu ni raia wa kuzaliwa, wala hakuhitaji kupita mlango wa ndoa. Jibu moja lililokosewa kwa sababu ya neno moja linaweza kumhamisha mtu kutoka mlango mpana hadi mlango mwembamba.

4.3 Mgeni

Neno la tatu ni mgeni. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana ya anayekaribishwa nyumbani na pia ya mtu wa nchi nyingine. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mantiki ya methali hiyo, anayeshika jembe si mgeni tena; amekuwa wa nyumbani. Mke aliyelima shamba la familia kwa miongo miwili hawezi kujiita mgeni, na majirani watashangaa akifanya hivyo. Anapoulizwa ofisini, "Wewe ni mgeni?" atajibu kwa dhati kwamba si mgeni. Afisa anaweza kuandika jibu hilo kama tamko la uraia, na baadaye likaonekana kuwa udanganyifu, ilhali aliyejibu alisema kweli kwa lugha yake. Istilahi "asiye raia" ni kavu, lakini haina utata huo.

5.0 Mfano wa Kufafanulia

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Umeundwa ili kuonesha jinsi vifungu na maneno yaliyojadiliwa yanavyokutana.

Mwanamke aliyezaliwa Kasindi ameolewa Bwera kwa mila. Mahari imetolewa, lakini ndoa haikuandikishwa. Baada ya miaka 18 na watoto watano, mumewe anafariki. Shemeji anataka kuuza sehemu ya shamba na anadai kwamba mjane ni Mkongo. Mjane anakwenda kuomba kitambulisho kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Vitambulisho na Usajili, NIRA, na kuambiwa athibitishe uraia wake.

Angeomba uandikishaji mumewe akiwa hai, angehitaji cheti na mashahidi tu. Sasa anahitaji kuthibitisha ndoa ambayo upande mmoja umefariki na upande mwingine wa familia unaikana. Laiti angeulizwa kwa lugha anayoielewa kuhusu mama wa mama yake, ambaye alizaliwa na kukulia Bwera, pengine suala lingekuwa jepesi zaidi. Lakini hakuna aliyemuuliza hivyo. Aliulizwa kuhusu "bibi," naye akajibu kwamba hilo ni swali la wanaume.

Mfano huu hauna mhalifu. Afisa alifuata fomu, mjane alijibu kwa uaminifu, na hata shemeji alitaja jambo ambalo kisheria lilikuwa kweli. Kilichokosekana ni maelezo sahihi, kwa lugha sahihi, wakati ambapo yangeweza kusaidia.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala inapendekeza mambo matano.

Kwanza, fomu na maelezo ya uraia kwa Kiswahili yatumie "mwenye ndoa na raia" badala ya "aliyeolewa na raia."

Pili, maswali kuhusu nasaba yaepuke neno "bibi" likiwa peke yake. Maelezo kamili kama "mama mzazi wa baba yako" na "mama mzazi wa mama yako" ni marefu, lakini hayaachi shaka kwa msemaji wa Kasindi wala wa Kampala.

Tatu, maelezo ya Kiswahili yaambatane na ya Kikonzo. Mwombaji wa Kinande ataelewa Kikonzo kwa urahisi kuliko Kiswahili cha ofisini, na afisa atakuwa na njia ya kulinganisha majibu.

Nne, uandikishaji wa ndoa uelezwe siku ya ndoa, wala si siku ya msiba. Viongozi wa dini, wazee wa koo na wenyeviti wa vijiji ndio wanaohudhuria mahari na harusi. Wakipewa maelezo mafupi, wanaweza kuwakumbusha maharusi kwenda kwa msajili wakati mashahidi wote wangali hai.

Tano, kila mwombaji kutoka Kongo aelezwe waziwazi, kabla ya kutia saini, kwamba kuandikishwa Uganda kunamwondolea uraia wa Kongo. Ni uamuzi wa mtu mzima, na mtu mzima anastahili kuufanya akiwa anajua gharama yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuratibu istilahi hizi ili nchi wanachama zisifasiri kila moja peke yake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kuhamia kwa mwenzi katika eneo la Bwera ni jambo jepesi kijamii na zito kisheria, na kwamba wepesi wa upande mmoja huficha uzito wa upande wa pili. Wakonzo na Wanande hawahitaji kufundishwa kuoana. Wamefanya hivyo tangu kabla ya mto kuwa mpaka. Wanachohitaji ni kuulizwa na kujibiwa kwa maneno yenye maana moja pande zote mbili. Kiswahili kina uwezo wa kutoa maneno hayo, maadamu wanaokiandaa kwa matumizi ya ofisi watasikiliza kinavyozungumzwa Kasindi kama wanavyosikiliza kinavyoandikwa Dodoma na Nairobi. Fomu ikishachapishwa na kusambazwa, kosa lake husomwa na watu wengi, na gharama hulipwa na yule ambaye hakushiriki kuiandika.